Shikamoo ya Mgalu

Kagongwa,
12 Februari 2024

Kwa shemeji yangu Thobias,

Salaam nyingi kutoka kwangu mimi Bujiku ng'wana Maduhu, na kutoka kwa mama Sostenes, ambaye amesimama hapa begani kuhakikisha nimemtaja. Habari za Geita? Binti yako Eunice hajambo? Bado anawapikia wanunuzi wa dhahabu, au wamemfilisi kwa kukopa wali? Shikamoo sikupi, unajua. Nilizaliwa msimu mmoja wa mavuno kabla yako, mama yako mwenyewe alilikubali hilo mbele ya watu. Anayesubiri shikamoo kati yetu ni mimi, na nimesubiri tangu hatujaota ndevu.

Utashangaa kupata barua. Juzi ulipopiga simu ulilaumu mtandao kwamba unakatakata. Mtandao ulikuwa mzima, shemeji. Niliyekuwa nakatika ni mimi. Siku hizi nikisema maneno mawili matatu kifua kinabana, nabaki na simu sikioni nahema kama mbwa aliyefukuza pikipiki. Nimeona bora niandike, maana kalamu haiombi pumzi. Barua nimempa kondakta wa basi la Geita, ataifikisha kwa Eunice.

Ni moyo. Wanasema umepanuka na umechoka kusukuma damu, ndiyo maana maji yanajaa. Miguu imevimba mpaka viatu nimempa Sostenes. Kulala chali siwezi, nalala nimekaa, nimeegemea gunia la mpunga. Kila nikizidiwa Sostenes ananipakia kwenye gari lake la mchele mpaka hospitali. Wananitoa maji, wananirudisha, maji yanarudi, tunaanza upya. Nikiuliza mwisho wake nini, naambiwa nitumie dawa na nirudi kliniki. Hakuna aliyewahi kuniambia nitapona, na hakuna aliyeniambia sitapona.

Sasa nakwambia jambo, usimwambie mtu. Namwonea wivu marehemu dada yangu, mkeo. Bernadina alipougua kansa, nesi alikuwa anakuja mpaka nyumbani kwenu. Alikaa naye kitandani, akamuuliza amelalaje, anaogopa nini, akampa ile dawa ya maji iliyo chungu. Dada yangu alikufa ametulia, kikombe cha uji mkononi, anakugombeza kuhusu paa linalovuja. Mimi nina moyo, na moyo hauna nesi. Ona nilipofika, mwanaume mzima natamani kansa.

Ombi langu ni moja. Kama ile chupa ya dada ilibaki, nitumie kwa kondakta huyuhuyu. Nataka pumzi ya kunitosha kula ugali bila kupumzika katikati.

Vijana hapa wanauliza kama mavuno haya kutakuwa na ngoma. Nimewaambia makundi yetu mawili hayana viongozi wa nyimbo tena: ningi wa Wagalu, yaani wewe, amehamia Geita kunenepa na ningi wa Wagika, mimi, amekaa juu ya gunia, kwa hiyo watafute watungaji wengine wa nyimbo. Wamecheka, lakini mimi niliumia.

Ni mimi shemeji yako,
Bujiku


Geita,
21 Februari 2024

Shemeji Bujiku,

Salaam kwako, kwa mkeo dada Scolastika na kwa Sostenes. Huku hatujambo. Eunice anakusalimu, anasema wanaokopa wali ni wengi kweli, ila mwaka huu ameanza kuwafuata mpaka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, na mwiko mkononi. Shikamoo sina. Mama yangu alilikubali hilo kwa sababu mama yako alikuwa amemletea maziwa. Tulizaliwa mwaka mmoja, basi.

Barua yako imenitoa machozi, halafu imenikasirisha, halafu nikacheka pale pa mbwa. Chupa haikubaki. Nesi aliichukua siku ileile tuliyomzika Bernadina, ndiyo sheria yao, dawa ile haiachwi ovyo. Na hata ingebaki nisingekutumia. Unataka kunywa dawa ya mtu mwingine kwa kipimo cha kukisia? Ungekufa, na watu wangesema Mgalu amemwekea sumu Mgika.

Nilichofanya ni hiki. Nilivaa shati la kanisani nikaenda hospitali nikamtafuta yule nesi wa Bernadina. Nikamwambia nina mgonjwa wa moyo, si wa kansa, kwa hiyo najua hamhusiki naye, nimekuja kuuliza tu. Akasema, “Baba Eunice, nani alikwambia hatuhusiki?” Kumbe wanawahudumia wenye moyo, wenye figo, wenye mapafu yaliyojaa vumbi la migodi, wenye kiharusi, wazee waliochoka tu. Ugonjwa wowote ambao hauponi na unamtesa mtu. Tatizo ni kwamba wenye kansa wanaelekezwa kwao, na wengine hakuna anayewaambia. Mimi miaka yote hiyo nilidhani ile ni huduma ya kansa, kama ulivyodhani wewe.

Upande wenu wa Kahama yupo mwenzake anaitwa Paskalina. Anazunguka vijijini na pikipiki, na dawa zake anaandikiwa na daktari wa hospitali yao. Nimempigia simu nikampa jina lako na jinsi ya kufika, kwamba akiona nyumba yenye mzee mwenye maringo amekaa juu ya gunia, amefika. Mpokee vizuri.

Hilo la ngoma usilitaje tena kana kwamba wewe umekwisha. Siwezi kuwa ningi peke yangu. Nikipiga uwanja mtupu nani atahama kutoka kwako kuja kwangu?

Shemeji yako,
Thobias


Kagongwa,
9 Machi 2024

Shemeji Thobias,

Salaam. Hapa hali si nzuri na nyumba nzima haisemezani.

Paskalina alikuja Jumanne. Dada wa watu, mpole, kofia ya pikipiki kwapani. Kumbe pikipiki yake yenye kisanduku cheupe inajulikana njia nzima, wanaiita pikipiki ya kansa. Ilipokata kona kuingia kwangu, jirani aliacha kupepeta mpunga wake. Kabla nesi hajaegesha, Scolastika alishakaa chini analia, kwamba nimemficha, kwamba nina kansa na moyo ni kisingizio. Wanawake wawili wakafika na unga na kuni kana kwamba nimeshakufa. Mimi nataka kueleza, pumzi hakuna. Natikisa mikono tu, na wao wakiona mikono wanazidi kulia.

Kisha akaja Sostenes. Alimsikiliza mpaka aliposikia jina la dawa, ileile chungu ya shangazi yake. Akasema hiyo ni dawa ya kumalizia watu, wanapewa waliokatiwa tamaa, na baba yake hajakatiwa tamaa na mtu. Akamwonyesha njia. Paskalina hakugombana. Alinishika mkono akasema, “Babu, nipo. Wakitulia nitarudi.” Akavaa kofia yake akaondoka, na wale wanawake hawakujua unga waupeleke wapi.

Simlaumu mwanangu, na ninamlaumu. Ananipenda kwa magari na drip. Kesho ananirudisha hospitali. Safari ile inanichosha kuliko ugonjwa, barabara yote nahema, na nikifika nalala kwenye korido nawaza kitu kimoja tu, nisije nikafia hapa natazama ukuta wa rangi ya maziwa nisioujua. Naogopa, Thobias. Sijawahi kukuandikia neno hilo.

Bujiku


Geita,
14 Machi 2024

Shemeji yangu mpenzi,

Salaam, na pole, na pole tena. Barua imefika jana jioni na sikuweza kula. Wewe usiseme chochote, tunza pumzi. Ukurasa unaofuata mpe Sostenes, asome kwa sauti mbele ya mama yake.

Sostenes, mwanangu. Mimi mume wa shangazi yako nakusalimu. Najua unampenda baba yako, ungekuwa humpendi nisingepoteza karatasi. Unasema ile ni dawa ya kumalizia. Nilikaa na shangazi yako tangu tulipopanda mahindi mpaka tukavuna, na kila siku alikuwa anakunywa dawa hiyohiyo. Kabla yake alikuwa analia usiku na kuuma shuka. Baada yake alikata michembe ya viazi, alisuka ukili, aligombana na mimi, na alimchagulia Eunice kitambaa cha gauni. Sijui ugonjwa ungemchukua lini bila dawa. Ninachojua ni kwamba ulimchukua akiwa Bernadina, hakuwa mnyama aliyenaswa. Baba yako hajakatiwa tamaa. Baba yako anakosa hewa, na kuna mtu amekuja na dawa ya kumpa hewa, na wewe umemwonyesha njia. Sisemi aache kwenda hospitali, nesi huyu anatoka hospitali hiyohiyo.

Nakupa mpaka mavuno. Ukikataa, nitafanya kazi ninayoijua. Nimeshaanza kutunga:

Sostenes mwana wa Bujiku, mchele wake mweupe,
mizani yake haidanganyi, gari lake jipya;
baba yake anaomba pumzi,
yeye anafukuza nesi.

Wimbo huu una sauti tamu na unakaa kichwani. Nitaufundisha makondakta wa njia ya Geita mpaka Kahama. Utakuwa unausikia ukipakia mchele, ukishusha mchele, na kwenye harusi ya binti yako. Uamuzi ni wako, mwanangu.

Thobias, mume wa shangazi yako


Kagongwa,
2 Aprili 2024

Shemeji Thobias,

Salaam nyingi sana! Hujambo? Eunice hajambo? Ona nilivyoandika ndefu, na nimekula kwanza, sahani nzima, bila kituo.

Sostenes alisoma ukurasa wako kwa sauti, akafika kwenye wimbo, akausoma, akaurudia kimyakimya. Scolastika akaanza kuuimba pale jikoni. Hakufanya kusudi, shemeji, kweli unakaa kichwani. Kesho yake mwanangu alitoka na gari, akarudi na Paskalina amekaa kiti cha mbele kama mkuu wa wilaya, pikipiki imefungwa nyuma juu ya magunia.

Alikaa mpaka jua likageuka. Kwanza aliwaambia wote, na jirani aliyekuwa anapita uani mara kwa mara bila shughuli naye akaambiwa, kwamba sina kansa. Halafu akaniuliza mimi, si Sostenes, kama nataka kujua ukweli. Nikasema ndiyo. Akasema moyo huu hautapona. Utachoka zaidi, na siku moja utasimama, na kazi yake ni kuhakikisha kuanzia leo mpaka siku hiyo naishi vizuri. Sostenes alilia kwa sauti. Mimi, utanicheka, nilijisikia mwepesi. Miezi yote nilikuwa najua, na nilikuwa najua peke yangu.

Dawa ni kidogo kuliko ya dada, matone ya kuhesabika, kwa sababu yangu ni ya pumzi na si ya maumivu. Chungu ileile. Amenipa na ya kulainisha choo, maana anasema hii ya kwanza inafunga, na hilo ndilo Scolastika analolisimulia kwa majirani wote. Za kukojoza maji amezipanga upya na daktari. Chumvi amenikataza, nakula nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, zenye ladha ya karatasi. Gunia limeondoka, Sostenes amenitengenezea kiti cha kuegemea kwa ngozi ya ng'ombe, na dirisha la chumba amelipanua kwa nyundo ili upepo unipige usoni. Kifua hakijapona, ila hakinikabi tena. Hofu imekaa mbali, kule mlangoni.

Mwishoni aliniuliza, “Babu, siku zilizobaki unataka kuzifanyia nini?” Sijawahi kuulizwa swali hilo na mtu wa hospitali. Nikajibu mambo mawili. La kwanza, nifie nyumbani kwangu, wasinipakie tena kunisafirisha kwa ajili ya kufa. La pili, nimpige Thobias hadharani. Akashtuka. Ikabidi Scolastika amweleze kwamba ni nyimbo.

Kwa hiyo sikia. Nakuita uwanjani Kagongwa, mwezi wa saba, mpunga ukishavunwa. Tunapiga kama zamani, Wagalu upande huu, Wagika upande ule, wakati mmoja, na watu wahamie kwa anayewavuta. Masharti ni matatu. Tutapiga wigashe, ngoma ya kukaa, kwa hiyo wote wawili tuko kwenye viti na miguu yako ya kurukaruka iache Geita. Atakayeshindwa atampa mwenzake shikamoo mpaka kufa. Na ukinionea huruma, ukiimba chini ya uwezo wako hata kidogo, nitajua, na sitakusamehe.

Shemeji yako mkubwa,
Bujiku


Geita,
11 Aprili 2024

Shemeji yangu mdogo,

Salaam. Nimeipokea na nimeikubali. Eunice anasema nilicheza peke yangu pale mgahawani, wanunuzi wa dhahabu wakadhani nimeokota jiwe.

Wigashe! Mjanja wewe. Wagalu wananijua kwa miguu, nikiruka mpaka wazee wanasahau vikohozi vyao, na wewe unanifunga kwenye kiti. Sawa, nitakaa. Nitakushinda nikiwa nimekaa, halafu utaniamkia ukiwa umekaa, haki sawa.

Kuhusu huruma, ondoa wasiwasi. Huruma sina. Nina nyimbo mpya, moja ni ya chumvi yako na nyingine ya choo. Nimeanza kuwakusanya Wagalu wangu waliotawanyika migodini, wengine vifua vyao navyo ni vya kuombewa, lakini wanakuja.

Ila nikuulize jambo bila utani. Ningi anaimba mistari mirefu, wenzake wanaitikia kifupi. Mistari mirefu utaitolea wapi? Ukizidiwa katikati ya uwanja mbele ya watu wote, mimi nitafanya nini, niendelee kuimba? Paskalina amekubali?

Halafu kuna uvumi umefika mpaka huku. Wanasema Bujiku amepata nesi anayemchanganyia dawa ya kuvuta watu uwanjani, inakuja kwenye chupa, chungu ajabu. Mganga wangu ameudhika.

Shemeji yako,
Thobias


Kagongwa,
5 Agosti 2024

Thobias,

Salaam kwako na kwa Eunice. Shikamoo yangu iko wapi?

Ulipanda basi bila kuniaga. Nimekaa na ushindi wangu wiki nzima kama mtu aliyepewa ng'ombe asiye na kamba. Najua ulikuwepo, lakini ulikuwa upande ule, na huu wa kwangu hukuuona, kwa hiyo nitakusimulia.

Uliniuliza mistari mirefu nitaitolea wapi. Sikukujibu kwa makusudi. Paskalina hakukataa wala hakuahidi, alisema tupime pumzi yangu ina urefu gani, nisivuke hapo. Tukapima. Ilikuwa neno moja, yakizidi mawili. Nikatunga wimbo wa saizi hiyo. Nikaugeuza, mimi nachukua kipande kifupi, wao wanachukua kirefu. Vijana wangu tuliwafundisha hapa uani tangu Mei, kila mara mimi kwenye kiti, dirisha liko wazi, Scolastika anapiga kipande cha jembe.

Sostenes alinipeleka uwanjani na kiti changu juu ya mkokoteni wa ng'ombe, taratibu, akitembea mbele anaondoa mawe kwa mikono yake. Paskalina akanipa matone yangu. Mara nikasikia ngoma zako, na watu wote wakawa kwenu, wote kabisa, uwanja wangu umebaki na mbuzi. Ulikuwa unaimba ule wa chumvi. Ni mzuri, nakubali.

Nikavuta hewa. Nikasema, “Nani?”

Vijana wakapokea: “Nani alisema ng'wana Maduhu kaisha, nani alileta unga wa msiba, mbona anaula yeye mwenyewe?”

Nikapumzika. Hapo ndipo utamu, Thobias, kupumzika kwangu kulikuwa ndani ya wimbo. Hakuna aliyejua kwamba nahema, walidhani ni mapigo. Nikasema, “Moyo!”

“Moyo umechoka, mdomo bado, mkamwambie Mgalu akae vizuri!”

Wa kwanza kuhama alikuwa yule jirani wa kupepeta mpunga. Wakaja wanawake wa unga. Wimbo wako, mtu anausikiliza. Wangu, ilibidi auimbe yeye, maana mimi nilimwachia sehemu yote kubwa, na mtu akishaimba haondoki. Walipofika wengi sikuwa na haja hata ya neno, nilinyanyua kidole tu, uwanja mzima ukaimba. Kifua changu kilikuwa kidogo, lakini nilikuwa na vifua vya Kagongwa yote. Nililia. Paskalina naye aliimba, kofia ya pikipiki kichwani.

Tangu siku ile hakuna anayeiita pikipiki ya kansa. Mama Mageni mwenye ugonjwa wa figo ameomba Paskalina afike kwake. Mzee mmoja wa Bugarama, kifua kimekauka kwa vumbi la duara, mtoto wake alikuwepo uwanjani, naye ameomba.

Sasa swali langu, na ndilo linaloninyima raha. Miguu imejaa tena, nalala sana mchana, Paskalina anakuja mara kwa mara zaidi. Ameshatukalisha wote akatueleza yatakayokuja. Siogopi. Lakini niambie kweli. Uliniachia? Mwishoni sauti yako sikuisikia kabisa. Kama uliniachia, shikamoo yako siitaki, na ushindi wangu ni wa kupewa kama uji wa mgonjwa. Jibu haraka.

Bujiku


Geita,
30 Agosti 2024

Shikamoo, shemeji Bujiku.

Safari hii sikuulizi hali. Naiandika barua hii kwa sababu uliniagiza mwenyewe, na Sostenes ataisoma leo tunapoondoa matanga, mbele ya watu wa Kagongwa na mbele ya Wagalu wangu niliokuja nao. Ulisema maneno ya mdomo yanakanwa, niweke kwa maandishi. Naweka.

Swali lako lilipofika sikumpa kondakta jibu. Nililipanda basi mimi mwenyewe nikiwa na jibu mdomoni. Nilikukuta kwenye kiti chako cha ngozi, uso dirishani, dada Scolastika anakulowanisha midomo kwa kitambaa. Ukafumbua macho ukasema neno moja, “Uliniachia?”

Watu wote wasikie nilichojibu. Nilikuja Kagongwa nimepanga kukuachia. Ndiyo, nilikudanganya kwenye barua, huruma nilikuwa nayo tele, nilipanga niimbe nyimbo mbili nzuri halafu nikohoe nijifanye sauti imekauka. Ule wa chumvi ulikuwa wa kwanza. Nikamaliza, nikanyanyua macho, nikaona watu wanaondoka. Shemeji, nilisahau huruma yote. Niliogopa! Niliimba wa choo, nikaimba ule wa Sostenes nilioapa sitauimba, niliimba nyimbo za baba yangu, niliimba mpaka nikaonja damu kooni. Nilivunja na sharti lako, nilisimama nikaruka, na hakuna hata aliyeniona nimevunja sharti, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama. Nikageuka kumwambia Eunice alete maji. Eunice hayupo. Binti yangu wa kuzaa alikuwa kwako, ameinua mikono, anaimba nikae vizuri. Sauti yangu hukuisikia mwishoni kwa sababu haikuwepo tena. Uliimaliza wewe. Ndiyo maana nilipanda basi bila kuaga, nilikuwa nalia kwa hasira kama mtoto.

Ulicheka bila sauti, mabega tu yanacheza. Nikapiga magoti nikakupa. “Shikamoo.” Nikakuona unakusanya pumzi. Ukaitoa yote kwa mara moja, “Marahaba.” Halafu ukafumba macho na kutabasamu, jeuri wewe.

Hukukaa sana baada ya hapo. Pumzi ilipoanza kubadilika, kama Paskalina alivyotuambia itakavyokuwa, Sostenes aliinuka akachukua ufunguo wa gari pale kwenye msumari. Aliushika. Nilimwona anautazama ufunguo, anakutazama wewe, uso wako umetulia, upepo unakupiga, mikono imelala juu ya magoti. Akaurudisha kwenye msumari, akaja akakaa miguuni pako, akashika ile miguu iliyovimba. Tulikuwa hivyo mpaka mashine ya mpunga ya jirani ilipoanza kuunguruma asubuhi, na ndipo tukagundua umeshaondoka. Hukuhangaika. Hukutazama ukuta wa mtu.

Uliondoka kama dada yako, na hukuhitaji kansa.

Kaburini Wagalu waliimba wimbo wa Mgika. Haijawahi kutokea, na wazee wengine wamenuna. Niliuongoza mimi. Nilirusha neno moja moja tu kwa saizi ya pumzi yako, na uwanja ulipokea.

Kwa hiyo Sostenes akimaliza kusoma, asikunje karatasi. Watu wa Kagongwa mnaujua wimbo ulivyo, wa mbele anachukua kifupi, ninyi mnachukua kilichobaki. Mwenyewe hana pumzi ya kunijibu leo. Natupa neno langu, na ninyi mnijibu kwa niaba yake, wote, kwa sauti, mpaka Geita wasikie.

Shikamoo, ng'wana Maduhu!

Shemeji yako mdogo,
Thobias